Mafunzo ya majadiliano ya upendeleo wa ushuru: siku tano, na nusu siku iliyopungua

Mafunzo ninayoyapitia hapa yameandaliwa kwa maofisa wa biashara na wanadiplomasia wanaoanza kushiriki majadiliano kuhusu upendeleo wa ushuru kwa nchi zinazoendelea, yaani bidhaa zao kutozwa ushuru mdogo kuliko wa kawaida zinapoingia nchi tajiri. Taasisi iliyoyaendesha sitaitaja, kwa kuwa ninayo malalamiko juu yake ambayo haijapata nafasi ya kuyajibu. Kwa upande wa sheria na ustadi wa kuandika rasimu, ada niliyolipa ilistahili. Kwa upande wa kanuni za uasili wa bidhaa, zinazoamua bidhaa ihesabiwe kuwa ya nchi gani, na ambako upendeleo mwingi hufia, tulipunjwa.

Mkufunzi wa sheria alianzia New Delhi mwaka 1968, pale mkutano wa pili wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, ulipokubali kuwepo kwa mfumo wa jumla wa upendeleo usiodai malipo ya kurudishiana wala kubagua nchi. Akatupitisha katika ruhusa ya miaka 10 iliyotolewa mwaka 1971 chini ya GATT, mkataba wa ushuru na biashara uliotangulia Shirika la Biashara Duniani, kisha uamuzi wa mwaka 1979 ulioifanya ruhusa hiyo kuwa ya kudumu. Nilichokithamini ni kwamba hakuyasoma hayo kama kalenda. Alirudia mara kwa mara kwamba neno la kushika ni “ruhusa”: nchi tajiri inaruhusiwa kupendelea, hailazimishwi, na kwa hiyo hujiamulia yenyewe bidhaa zipi zinaingia, nchi zipi zinatoka na mlango unafungwa lini. Mfumo wa jumla wa Marekani ulipofikia ukomo tarehe 31 Desemba 2020 bila Bunge lake kuuhuisha, bidhaa za wauzaji wa nchi zinazoendelea zilirudi kutozwa ushuru wa kawaida, na serikali zao hazikuwa na kifungu cha kushikilia mbele ya Shirika la Biashara Duniani.

Kesi ya India dhidi ya Jumuiya ya Ulaya ilipewa asubuhi nzima, na ilistahili. India ililalamika kwamba nafuu ya ziada iliyopewa nchi 12, Pakistan ikiwemo, kwa sababu ya vita dhidi ya dawa za kulevya, ilikuwa ubaguzi. Chombo cha rufaa cha Shirika la Biashara Duniani kiliamua mwaka 2004 kwamba mtoaji wa upendeleo anaweza kutofautisha nchi kwa mahitaji yao ya maendeleo, mradi nchi zenye hali inayofanana zipate nafuu ileile. Orodha iliyofungwa, isiyo na vigezo vya kuingia wala kutoka, haikukidhi sharti hilo. Tuliombwa kuandika vigezo ambavyo vingeiokoa orodha ile. Ni zoezi gumu kuliko linavyosikika, na mimi nililifanya vibaya.

Igizo la majadiliano, lililochukua siku ya tatu na asubuhi ya nne, ndilo bora kuliko yote. Darasa liligawanywa makundi matatu: watoaji, nchi zenye maendeleo duni zaidi, na nchi zinazoendelea zisizo katika kundi hilo la chini. Niliangukia kundi la tatu, ambalo hukaa pabaya, kwani kila nafuu wanayoongezewa walio chini hupunguza ile ndogo uliyo nayo wewe. Rasimu ilihusu nchi inayopanda daraja, yaani inayotoka katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, na sentensi yake moja ilisomeka: kipindi cha mpito [cha kutosha] [kisichopungua miaka mitatu] [inapofaa]. Mabano ya mraba huzunguka maneno ambayo bado hayajakubaliwa. Tulitumia karibu saa mbili kuyaondoa mabano ya mwisho pamoja na kilichomo, kwa sababu “inapofaa” lingemrudishia mtoaji kila alichokuwa ametoa katika mabano ya pili. Mwenyekiti wetu, mshiriki mwenzetu tu, alituachia tuchoke kwanza ndipo akapendekeza neno hilo lihamishiwe aya ya msaada wa kiufundi, mahali lisipomdhuru mtu. Watoaji wakakubali.

Mchana wa siku ya nne, nusu siku pekee, ukaachiwa kanuni za uasili. Mfano uliotolewa ulikuwa mzuri: fulana ya pamba inayoingia Umoja wa Ulaya. Ushuru wa kawaida ni asilimia 12. Chini ya mfumo wa jumla hushuka hadi 9.6; kwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, chini ya mpango wa “kila kitu isipokuwa silaha” ulioanza mwaka 2001, ni sifuri. Lakini kitambaa kimetoka wapi? Tangu mwaka 2011 nchi za kundi la chini zinaweza kuagiza kitambaa nje, zikakata na kushona, na fulana ikahesabiwa kuwa yao. Wengine wanatakiwa kuwa na hatua mbili za uzalishaji, kwa kawaida kufuma kitambaa na kushona. Nchi inayopanda daraja, basi, huweza kupoteza ile sifuri na pia kuambiwa kwamba fulana si yake. Hapa ndipo sentensi tuliyoigombea asubuhi ilipopata uzito, na hapa ndipo mkufunzi alipotazama saa. Uamuzi wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani mjini Nairobi mwaka 2015, unaogusa kiwango cha malighafi za kigeni kisichozidi asilimia 75 ya thamani kwa nchi hizo, ulipita kwa slaidi moja. Jinsi muuzaji anavyothibitisha uasili haikuguswa kabisa.

Siku ya tano ilikuwa ya vyeti na hotuba, nayo ingeweza kukatwa bila hasara.

Ningempendekezea mafunzo haya ofisa anayetarajiwa kuandika au kutetea rasimu. Anayewashauri wauzaji asijiandikishe mpaka ratiba ibadilike. Majibu ya zoezi la fulana tuliahidiwa kwa barua pepe ndani ya siku saba; hii ni wiki ya tano, na nimeshayatafuta mwenyewe.