Seestar S50 na nebula ya NGC 3199: maoni yangu

Wengi wakinunua darubini ya Seestar S50 huilenga moja kwa moja kundinyota la Orioni. Mimi niliipeleka Magadi, Kenya, mwezi Februari, nikailenga NGC 3199, nebula (wingu la gesi na vumbi angani) iliyo katika kundinyota la Carina, ambayo mwanaastronomia John Herschel aliiona mwaka 1834. Ikifika saa sita usiku, nebula hiyo iko juu vya kutosha upande wa kusini.

Seestar ni darubini yenye lenzi ya milimita 50 tu, kilo mbili na nusu, inaendeshwa kwa simu. Kilichonifurahisha zaidi ni kichujio cha ndani: kinapitisha mwanga wa haidrojeni na wa oksijeni na kuzuia sehemu kubwa ya mwingine. Picha ya kwanza ya sekunde 10 ilionyesha ukungu hafifu. Picha zilipozidi kupangwa moja juu ya nyingine, upinde mnene wa nebula ukajitokeza, umepinda kama mwezi mchanga, mwekundu wenye kijani-buluu kwa ndani. Gesi hiyo inasukumwa na upepo mkali wa nyota WR 18.

Ukiitumia darubini bila kuinamisha kitako ili ifuate mzunguko wa Dunia, anga huzunguka kwenye picha na pembe hukatwa. Kwa nebula ndogo kama hii, haidhuru. Naipendekeza kwa moyo wote.