Tulikodi banda badala ya kulijenga: uzoefu wangu Sabasaba na Nanenane

Nianze na hukumu yangu: banda la kukodi la fremu za alumini limetufaa kuliko banda lolote tulilowahi kujengewa, na ningelipendekeza kwa kikundi chochote kinachoshiriki maonesho zaidi ya moja kwa mwaka. Kasoro linazo, nitazieleza.

Ninaratibu masoko ya kikundi cha wafugaji nyuki mkoani Tabora. Mwezi wa saba tunapeleka asali na nta Sabasaba, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Mwezi wa nane tunakuwa Nanenane, viwanja vya Nzuguni, Dodoma. Zamani kila maonesho yalikuwa na banda lake jipya. Seremala anapiga fremu ya mbao, anagongelea plaiwudi, anapaka rangi, zulia linagandishwa kwa gundi na bango la fleksi linatandazwa juu. Siku ya kufunga ikipita, eneo linatakiwa liachwe wazi, na hapo kazi inabaki kwa nyundo na mtaimbo. Plaiwudi iliyojaa misumari, gundi na rangi haina mnunuzi. Nyingine inakuwa kuni, nyingine inapakiwa kwenye lori la taka. Fleksi nayo ni kitambaa cha poliesta kilichofunikwa kwa plastiki ya PVC, na kuvitenganisha viwili hivyo ni kazi ngumu, hivyo wanunuzi wa plastiki chakavu hawaitaki. Ikibahatika inaezeka kibanda cha mama lishe kwa msimu mmoja.

Banda tulilokodi lina nguzo zenye pembe nane, na kila upande una mfereji. Paneli zinateleza kwenye mifereji hiyo, vyuma vya juu vinakazwa kwa ufunguo mdogo, na hakuna msumari hata mmoja. Mafundi wawili walisimamisha banda la mita 3 kwa 3 asubuhi, na mchana sisi tulikuwa tunapanga chupa. Picha kubwa ya nyuma ni kitambaa kilichoshonewa ukingo wa mpira. Unausukuma ndani ya fremu na kitambaa kinanyooka chenyewe. Kukitoa ni kukivuta tu. Kinakunjwa na kuingia kwenye begi la kawaida.

Watu wengi wakisikia uchumi wa mzunguko, yaani kuvitumia vitu tena na tena badala ya kuvitupa, wanawaza kuyeyusha na kutengeneza upya. Ni kweli kwamba kuyeyusha alumini chakavu hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye madini. Lakini nguzo ile ile ikisimama tena mwezi ujao bila kuyeyushwa, faida ni kubwa zaidi. Na inasimama tena kwa sababu ina mwenyewe anayeidai. Seremala wetu alilipwa mara moja na kuondoka. Siku ya kubomoa hakuna aliyekuwa na sababu ya kuilinda ile plaiwudi. Mwenye fremu za kukodi hulipwa kila zinapotoka ghalani, kwa hiyo yeye ndiye anayetaka kiungo kisivunjike na paneli isikwaruzwe. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko aina ya malighafi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Jumba la kioo la Maonesho Makuu ya London ya mwaka 1851, lililobuniwa na Joseph Paxton, liliundwa kwa vipande vya chuma, mbao na vioo vya vipimo vinavyofanana. Maonesho yalipokwisha lilibomolewa kipande kwa kipande katika bustani ya Hyde Park na kujengwa tena Sydenham, kwa umbo kubwa zaidi, likafunguliwa mwaka 1854 na kudumu hadi moto ulipoliteketeza mwaka 1936. Karibu na zama zetu, mwaka 2017 huko Eindhoven, Uholanzi, ofisi za usanifu za bureau SLA na Overtreders W zilisimamisha ukumbi wa People's Pavilion kwa vifaa vya kuazima. Fremu za mbao zilifungwa kwa mikanda ya chuma, bila gundi wala skrubu, ili wenye mali warudishiwe mali yao nzima. Nikiwaza banda letu dogo la asali, naona linafuata kanuni hiyo hiyo.

Sasa jambo ambalo kampuni za kukodisha hazikuambii. Fremu inaweza kuwa nzuri kiasi gani, lakini kinachotupwa kila mwaka ni maandishi. Maonesho yetu yana kaulimbiu mpya kila mwaka, na desturi ni kuichapa kwa herufi kubwa pamoja na mwaka na jina la maonesho. Bango la namna hiyo linakufa siku ya kufunga. Sisi tuliomba kitambaa kikubwa kibebe jina la kikundi na picha ya miombo tu. Kaulimbiu, mwaka na namba ya banda vilikwenda kwenye kipande chembamba cha kadibodi kinachochomekwa juu ya mlango. Bei tuliandika kwa chaki. Kitambaa kilichokuwa Dar ndicho kilichokwenda Dodoma, na bado kipo.

Rafu hatukukodi. Tulipanga mizinga mipya ya kisasa, mitupu, isiyopakwa rangi ndani, tukaweka chupa juu yake. Wageni walisimama kuuliza inavyofanya kazi, jambo ambalo rafu ya duka isingelileta. Baada ya Nanenane mizinga ikapelekwa porini kwa wenyewe. Tulikataza kabisa dawa ya kuua wadudu bandani, maana mbao hunywa harufu na nyuki hawasamehe. Kati ya yote tuliyofanya, hili ndilo ninalolipenda kuliko mengine, kwa kuwa halikuhitaji kampuni wala mkopo.

Kasoro sasa. Amana ni kubwa na kurudishwa kwake kulichukua muda uliotuumiza. Paneli mbili zilifika na alama za gundi ya mteja aliyetangulia, na ilibidi tudai zibadilishwe. Kufuli ya kabati haikuwa imara, hivyo usiku asali ililala kwingine. Kwa maonesho ya kwanza pekee, gharama ilizidi ya seremala. Nafuu ilionekana tulipochukua mkataba mmoja wa maonesho yote mawili. Usafiri hadi Dodoma nao ungetufilisi kama tusingechangia lori na vikundi vingine. Na kusema kweli, ukodishaji unampunguzia kazi seremala. Sisi tulimpa yetu ya kuunda mizinga.

Ukitaka kukodi, usisaini kwa kutazama picha za kwenye simu. Omba uende ghalani kwao. Ukikuta nguzo zenye mikwaruzo ya kutumika zimepangwa kwa urefu, viungio vimehesabiwa kwenye makasha, na vitambaa vya wateja vimekunjwa vikiwa na majina yao, endelea na mazungumzo. Ukikuta lundo la paneli zilizokatwa kwa msumeno na mabango ya mwaka jana yakiwa yametupwa nyuma ya ukuta, tafuta kampuni nyingine.