Kelele za Gari la Michezo Lililotumika: Nilivyozisaka Kwenye Toyota 86 Yangu

Hamjambo nyote, karibuni. Kabla sijasema mengi, nyamazeni nami kidogo msikilize hii. Tak. Tak-tak. Tak. Mmeisikia? Hapo niko mwendo wa kilomita 15 kwa saa, barabara ya kabro hapa Kizingo, Mombasa, na kila gurudumu likikanyaga tofali lililozama, mbele panagonga. Niliirekodi miezi mitatu iliyopita. Leo gari lenyewe hili hapa nyuma yangu, sauti ile haipo tena, na nataka niwaonyeshe nilivyoifuata mpaka kwake, pamoja na vifaa nilivyonunua: vilivyonifaa na vilivyonipotezea pesa.

Gari ni Toyota 86 ya mwaka 2013, gia za mkono, injini ya lita 2 yenye silinda zilizolala, ile ambayo Toyota na Subaru waliitengeneza pamoja. Mimi ni mmiliki wake wa tatu. Nalipenda gari hili kwa moyo wote. Ni jepesi, liko chini, springi zake ngumu, na ndani hakukujazwa vitu vingi vya kuzuia sauti, kwa hiyo chochote kilicholegea utakisikia. Wenzangu wengi hujifariji kwamba ndivyo magari haya yalivyo, wakaongeza muziki. Tafadhali msifanye hivyo. Katika hizo kelele nyingi za plastiki inaweza kujificha moja ya jointi ya gurudumu, na hiyo ukiipuuza inaweza kukuangusha njiani.

Sasa ile tak-tak. Nilipoisikia mara ya kwanza nilienda gareji moja, fundi akazunguka na gari dakika tano, akarudi akasema shoksi za mbele zimekwisha. Nikanunua mbili, zikafungwa, nikalipa. Natoka getini tu, tak-tak ile ile. Iliniuma sana, maana hazikuwa pesa ndogo.

Ndipo nikampelekea mzee mmoja fundi kule Majengo, sisi tunamwita Ami. Nikamwambia, "Ami, limenishinda hili." Hata boneti hakufungua. Akaniuliza, "Mwanangu, ukipita tuta linagonga?" Nikafikiri. Tuta halina neno, nikamwambia, ni kwenye mashimo na kabro. Akasema, "Basi shoksi umezisingizia."

Hapa ndipo ninapotaka mtege masikio. Gari lina chuma cha stebilaiza, kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale kwenye kona. Kila ncha ya chuma hicho imeshikwa na linki fupi yenye viungo vinavyozunguka, vilivyofunikwa kwa raba. Tuta lililonyooka huinua magurudumu yote mawili kwa pamoja, chuma kinapanda chote bila kujipinda, na linki haivutwi sana. Shimo la upande mmoja huangusha gurudumu moja tu, chuma kinajipinda, linki inavutwa, na kama kiungo chake kimelika, kinagonga. Kwa hiyo tuta na shimo tayari vimeshakwambia uanzie wapi, na hujalipa hata senti.

Ami akaniambia nilale chini, magurudumu yote yakiwa yamekanyaga ardhi, nipenyeze mkono nyuma ya tairi niweke vidole viwili juu ya kichwa cha linki, pale penye raba nyeusi. Yeye akawa anasukuma bodi kwa bega, kushoto, kulia, kushoto. Masikio yangu hayakupata kitu. Vidole ndivyo vilivyopata: kama kokoto ndogo inayorukaruka ndani ya kifundo. Raba ilikuwa imepasuka, grisi imekauka, na ndani kumeingia mchanga. Tulibadilisha linki mbili za mbele, kushoto na kulia, kwa sehemu ndogo sana ya bei ya zile shoksi. Ukiinua gari kwa ajili ya kazi hii, weka stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni hii: kelele za chini kwanza, za ndani baadaye. Na kujua kama sauti inatoka chini au ndani, mimi huenda Mji wa Kale alfajiri, kabla watu hawajatoka. Nashusha vioo vyote, naingia Ndia Kuu polepole karibu na kuta. Kuta zile zinakurudishia sauti za chini ya gari waziwazi, za bampa, za ekzosi, za breki. Ikiwa sauti unaisikia vioo vikiwa juu tu, na ukivishusha inapotea, basi ukuta hauna la kukwambia, mkosaji wako yuko ndani.

Na ndani, jamani, masikio hudanganya. Bodi ni chuma kitupu, sauti husafiri. Niliapa kwamba dashibodi yangu inalia upande wa kushoto, nikafungua hadi kisanduku cha mbele ya abiria, kumbe ni kioo cha mlango. Toyota 86 haina fremu juu ya mlango. Ukivuta kitasa kioo kinashuka kidogo, ukifunga kinapanda kujibana kwenye raba. Raba ikikauka kwa jua na chumvi ya huku pwani, kioo kinaisugua kila bodi inapojinyonga kidogo: kwichi, kwichi, kwichi. Jaribio lake ni rahisi. Ukiwa kwenye barabara mbovu, shusha kioo sentimita mbili. Kelele ikikatika papo hapo, umeshampata.

Kwa dashibodi na mapambo ya ndani, mpe mtu mwingine usukani. Huwezi kuendesha na kusaka kwa wakati mmoja, na ni hatari. Wewe keti abiria, kisha nyuma ukiweza kujikunja, ubonyeze kwa kiganja kipande kimoja kimoja. Bonyeza, sikiliza, achia, sikiliza. Usifungue klipu hata moja mpaka mkono wako umeinyamazisha sauti mara tatu. Plastiki hizi zimeshapigwa jua miaka mingi, klipu zikivunjika umejiongezea kelele mpya. Tena fanya asubuhi na adhuhuri, kwa sababu plastiki hupanuka kwa joto. Yangu ilikuwa ikilia saa moja asubuhi, saa saba mchana imenyamaza kabisa.

Ya nyuma niliimaliza kwa kulaza siti tu. Siti ya nyuma ya 86 hulala yote kwa pamoja, na komeo lake hugongana na kile chuma kilichopinda linapoingia. Nililaza siti nikavuka Daraja la Nyali, pale kwenye maungio, kimya. Nikaisimamisha, ikarudi. Nikazungushia kile chuma tepu ya kitambaa mara mbili, basi.

Haya, vifaa. Stethoskopu ya fundi, hii yenye kijiti cha chuma: nzuri kwa injini gari likiwa limesimama. Kwa kelele za barabarani haina kazi, kwa hiyo kama huna shida ya injini, usinunue. Simu yako ni bora zaidi. Iweke buti ikirekodi, pita barabara ile ile, kisha iweke chini ya siti, ulinganishe. Grisi ya silikoni kwa raba za milango: nunua, nakusihi. Osha raba kwa maji na sabuni, iache ikauke kabisa, paka nyembamba kwa kidole, iache usiku kucha, asubuhi pangusa. Tyubu hii ya gramu 100 nimeitumia milango yote miwili na buti, na hata nusu sijafika. WD-40 ni nzuri kwa nati iliyoshika kutu, lakini kwenye raba niliyojaribu kimya kilidumu siku mbili tatu tu.

Tepu ya umeme ile ya kung'aa, kwa joto la Mombasa, sitaki kuiona ndani ya gari. Baada ya wiki gundi ilichuruzika, kila nilichogusa kilinata. Chukua ya kitambaa. Feliti yenye gundi, zile zinazobandikwa chini ya miguu ya viti, ni nzuri sana pale plastiki mbili zinapogusana. Sponji la godoro hunyonya unyevu, liache. Chini ya jeki na spana kwenye buti nimekata champali kuukuu, na tangu hapo hakuna kilichogonga.

Moja zaidi kwa wenzangu wa pwani: ukisikia kitu kama kopo linatetema injini ikifika mzunguko fulani, kisha linanyamaza, angalia ngao ya joto ya ekzosi. Chumvi hula bati pale kwenye boliti, tundu linapanuka, ngao inacheza. Klipu ya chuma ya kubania mipira ya maji iliikaza yangu, na gharama yake haikunifanya nifikirie mara mbili. Ekzosi iwe imepoa kwanza.

Imebaki sauti moja ambayo sikuigusa, na wengi mtaniuliza. Ni mlio kama wa nyenje, gari likiwa limesimama injini inaunguruma polepole. Hiyo ni pampu ya petroli ya presha ya juu, wamiliki wa 86 za mwanzo wanaijua dunia nzima. Mafuta hayavuji, nguvu haijapungua, nimekagua, kwa hiyo nimeiacha. Muhimu uijue ili usije ukauziwa injini. Sasa nafungua boneti, naweka simu hapa karibu na pampu, nami nanyamaza. Sikilizeni.