Begi la mgongoni la lita 40: je, linakubalika ndani ya ndege?

Begi ninalolieleza hapa ni la nailoni nyeusi, halina jina la kampuni inayojulikana, na nililinunua kwa shilingi 65,000 katika duka moja la mabegi pale Mwanga, Kigoma, mwezi mmoja kabla ya safari yangu ya Istanbul kupitia Dar es Salaam. Lebo iliyoshonwa ndani ya mfuko mkubwa inasema lita 40, na chini yake zimeandikwa sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Muuzaji alinihakikishia: "Dada, hili unaingia nalo ndani ya ndege moja kwa moja, hakuna atakayekuuliza." Nilitaka begi la namna hiyo kwa sababu vitu vyangu vya kazi sipendi kuvitenga nami pale ninapobadilisha ndege.

Shaka yangu ya kwanza ilitokana na lebo yenyewe. Ukizidisha 55 kwa 35 kwa 20 unapata sentimita za ujazo 38,500, yaani lita 38.5, na huo ni ujazo wa boksi zima kwa nje, kabla hujatoa unene wa kitambaa, sponji ya mgongoni na mikanda. Begi la vipimo hivyo haliwezi kubeba lita 40. Kwa hiyo mojawapo ya tarakimu hizo si ya kweli, na nilitaka kujua ni ipi kabla sijafika kaunta ya uwanja wa ndege.

Nililipima kwa futi kamba ya fundi cherehani juu ya meza ya chakula. Likiwa tupu lilikuwa na urefu wa sentimita 54, upana wa 34 na kina cha 19, na hapo ningeweza kumwomba muuzaji radhi. Nikalijaza kama ninavyosafiri: nguo za siku nne, kompyuta mpakato, chaja, daftari mbili, na koti jepesi katika mfuko wa mbele. Urefu haukubadilika, lakini kina kilifika sentimita 26. Tatizo ni huo mfuko wa mbele, ambao umeshonwa juu ya begi badala ya kuzama ndani yake, hivyo kila unachoweka humo kinatokeza nje kama kitambi. Nilipoongeza chupa ya maji katika mfuko wa pembeni, upana nao ukaruka hadi 41. Mashirika ya ndege huhesabu kila kilichotokeza, kuanzia vishikio na magurudumu hadi mifuko ya pembeni, kwa hiyo chupa hiyo si jambo dogo.

Hakuna kipimo kimoja kinachotumika duniani kote. IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, hutoa mwongozo wa sentimita 56 kwa 45 kwa 25, lakini kila shirika hujiwekea kanuni yake. Mwezi Juni 2015 chama hicho kilipendekeza kipimo kidogo zaidi cha 55 kwa 35 kwa 20, hizo hizo tarakimu zilizo kwenye lebo ya begi langu, kisha kikalisimamisha pendekezo hilo baada ya kulaumiwa. Ukiyatazama mashirika yanayotua Dar es Salaam, Turkish Airlines huruhusu 55 kwa 40 kwa 23 na kilo 8, Emirates huruhusu 55 kwa 38 kwa 22 na kilo 7, na Qatar Airways huruhusu 50 kwa 37 kwa 25, pia kilo 7. Begi hili likiwa limejazwa kwa kiasi na mfuko wa mbele ukiwa mtupu linapita kwa Turkish na Emirates bila wasiwasi. Kwa Qatar linazidi sentimita nne za urefu, na urefu huo hauminyiki, kwa kuwa mgongoni mna ubao wa plastiki usiokunjika. Likijazwa mpaka mfuko wa mbele, halipiti popote kati ya hapo, na hata mwongozo wa IATA linauvuka kwa sentimita moja.

Sikutaka kutegemea futi kamba peke yake, kwa sababu fremu ya chuma ya kupimia mabegi uwanjani haibembelezwi. Nilikata katoni na kuigundisha kwa gundi ya karatasi mpaka nikapata boksi la 55 kwa 40 kwa 23, nikalisukuma begi ndani. Lilikwama kwenye zipu ya mfuko wa mbele. Nilipotoa koti, likashuka lenyewe hadi chini.

Uzito ni suala la pili, nalo wauzaji hawaligusi kabisa. Begi tupu lina kilo 1.4 kwa mizani ya kuning'iniza, kwa hiyo katika kilo 7 unabakiwa na 5.6 tu. Kompyuta na chaja yake vinachukua zaidi ya kilo mbili, na pawabenki lazima iwe humo, kwa kuwa hairuhusiwi kwenye mzigo unaopelekwa chini. (Dagaa na dumu la mawese vya ndugu wa Dar, ambavyo mtu wa Kigoma hasafiri bila kubebeshwa, viende chini.)

Safari ya Kigoma hadi Dar ilinifunza jambo ambalo boksi langu halikuweza kunionyesha. Ndege za pangaboi kama Dash 8-400 na ATR 72 zina kabati za juu zilizo finyu kuliko za ndege kubwa za jeti, na begi lililokubaliwa kaunta bila neno lilikataa kufungiwa mfuniko. Mhudumu wa ndege alisubiri huku nikichomoa kompyuta na pawabenki mbele ya foleni nzima, kisha akalifunga lebo na kulipeleka kwenye chumba cha mizigo. Hilo si kosa la begi peke yake, lakini anayeanzia safari mkoani alihesabu.

Kuhusu ushonaji sina manung'uniko makubwa. Zipu kuu ni imara, mikanda haijakatika, na kitambaa kilistahimili mvua ya dakika chache, ingawa sponji ya mabega ni nyembamba mno kwa kilo saba.

Kwa bei hii ningelipendekeza kwa anayekubali kuuacha mfuko wa mbele mtupu na chupa yake kuibeba mkononi. Anayesafiri kwa Qatar atafute fupi zaidi. Mimi nimempelekea fundi cherehani, ambaye kwa shilingi 3,000 ameubana mfuko huo kwa mistari miwili ya uzi ukabaki wa kuweka pasipoti na tiketi tu. Nimelipima tena likiwa na vitu vile vile, isipokuwa koti, ambalo sasa nitalivaa: kina ni sentimita 22.