Mashine za kuchonga matundu ya ulimi wa kupachika: ununue ipi kwanza ukiwa Bukavu

Kiti cha chumba cha kulia mara nyingi hakivunjiki mguu. Hulegea pale upau unapokutana na mguu. Ndiyo maana fundi anayechoka kupigilia misumari hurudi kwenye ulimi na tundu, na anayetumia mashine hupendelea ulimi wa kupachika: unachonga tundu pande zote mbili, kisha unaingiza kipande cha mbao cha peke yake kinachoshika huku na huku. Upau wa sm 40 unaukata sm 40, si 46, na kwa bei ya mbao ngumu leo hilo si jambo dogo.

Nafasi ya kwanza naipa ruta ya kuzamisha, mashine ya mkono ambayo biti yake huzunguka kasi na kushuka ndani ya mbao, ile ambayo muuzaji wa soko la Kadutu ataielewa upesi ukiitaja kwa Kifaransa, défonceuse. Ile ndogo ya kusawazisha kingo za formika haitoshi, isipokuwa iwe na kitako cha kuzamisha. Ukiwa bado dukani, ishike vishikio, izamishe hadi chini, halafu itikise kulia na kushoto. Ikicheza, iache: tundu litatoka pana kuliko ulimi, na kola nyeupe, gundi ya mbao, haizibi pengo la namna hiyo. Uliza pia koleti zake, yaani vibanio vinavyoshika shina la biti. Nusu inchi ni mm 12.7, kwa hiyo biti ya shina hilo haiingii katika koleti ya mm 12. Na shina la mm 12 ndani ya koleti ya nusu inchi halibanwi sawasawa, linaweza kuchomoka likizunguka. Soma kibati cha mota: kiandikwe volti 220 au 230. Mashine nzuri uliyotumiwa na ndugu aliye Marekani huenda ni ya volti 120, na bila transfoma itaungua siku ya kwanza.

Usikimbilie wati nyingi. Pesa uliyotaka kuongeza ili upate mota kubwa zaidi, inunulie biti ya spirali ya kabaidi inayopandisha maranda juu. Biti ya kawaida yenye meno mawili yaliyonyooka huacha maranda yakijaa tunduni, inapata moto, na kwenye mbao ngumu kama libuyu au muvula inaanza kuunguza mbao. Hata ukiwa na spirali, shuka mm 5 kwa kila pito, usilazimishe.

Kinacholeta usahihi hasa ni kiolezo, nacho hukinunui. Kipande cha tripleksi, ubao mmoja wa kuegemea uliopigwa chini yake, na bushi ya kuongozea, pete ya chuma inayozunguka biti na kufuata kingo za kiolezo, kwenye kitako cha ruta. Kwa bushi ya kipenyo cha mm 16 na biti ya mm 10, mfereji wa kiolezo uwe na upana wa mm 16, na urefu wake uzidi urefu wa tundu kwa mm 6. Tundu la mm 40 linataka mfereji wa mm 46. Tia alama uso mmoja wa kila mbao na uegemeze kiolezo kwenye uso huo huo siku zote. Hapo hata kama tundu halikuangukia katikati kabisa, mbao mbili zitakutana sawa. Unene wa ulimi uwe kama theluthi ya unene wa mbao, na uingie kwa kusukumwa na mkono. Ukihitaji nyundo, umezidi. Ndimi chana mwenyewe kwenye mabaki makavu.

Ya pili ni Domino DF 500 ya Festool, kampuni ya Ujerumani. Biti yake huzunguka huku ikipepea kushoto na kulia, hivyo ukiisukuma mara moja tundu liko tayari. Inachonga hadi kina cha mm 28, kwa biti za mm 4 hadi 10. Mota yake ni wati 420 tu, sifa inayothaminiwa na mtu wa Bukavu anayefanya kazi kwa jenereta ndogo wakati wa delestaji, umeme unapokatwa kwa zamu. Mbona basi si ya kwanza? Bei yake inapita dola 1,000, na biti zake haziwezi kubadilishwa na za ruta. Ikikatika ya mm 8, kazi inasimama mpaka nyingine ifike kutoka mbali. Inachekesha kwamba ndimi zao za vitu vya kukaa nje ni za mti uitwao sipo, ndugu wa libuyu letu. Usiziagize. Wenye oda kubwa za viti, hasa vyenye pembe zisizo mraba, waifikirie kwa uzito. Kwa milango kuna DF 700, inayofika kina cha mm 70, ghali zaidi.

Ya tatu haihitaji safari ya duka ikiwa atelie yako ina kombine ya zamani, mashine moja yenye msumeno, randa na kazi nyingine pamoja: angalia kama ubavuni, mwisho wa shafti ya randa, kuna kichwa cha kushikia biti na meza inayosogea. Ni mashine nzito na tulivu. Badilisha beringi kama kichwa kinayumba, kisha uitumie. Lakini kununua kombine nzima kwa ajili ya tundu tu ni kupoteza.

Mashine ya patasi mraba, ile yenye biti inayozunguka ndani ya patasi ya pembe nne, naiweka ya nne. Inafaa anayetengeneza milango kwa wingi, ila ni nzito, na patasi zake zisiponolewa vizuri zinang'ang'ania mbao.

Mwenye dola chache anunue kiongozi cha kutobolea na vijiti vya mviringo vya mm 10, viwili kila kiungo. Si ulimi, lakini kwa kabati inatosha. Mashine ya biskuti, ile ya kupachika vipande vyembamba vya mbao vya umbo la yai, iliyoanzishwa na kampuni ya Lamello ya Uswisi, inasaidia kulinganisha mbao za juu ya meza. Mkato wake ni wa mm 4 na hauna kina cha kubeba kiti. Usikubali muuzaji akuambie ni kitu kimoja na Domino kwa sababu zinafanana umbo.

Na katika bajeti hiyo hiyo weka miwani na barakoa nzuri. Vumbi la muvula huwasha macho na kifua, na ruta hulirusha jingi.