Kombaina boksi za sola: kabla hujauliza bei, tazama glendi

Siku hizi naletewa tu picha za kombaina boksi, yale maboksi yanayokusanya waya za paneli za sola, zimeoza, nyengine nyeusi tii ndani, wenyewe wako Shela na Matondoni huku Lamu, hata Malindi, na swali ni moja, sasa ninunue gani. Boksi liwe la njia ngapi sisemi, hesabu stringi zako, yaani mistari ya paneli zilizoungwa mfululizo, utajua, ila stringi mbili fyuzi kwa kawaida si lazima, zikifika tatu ndio lazima maana moja ikiharibika zile nzima zinaisukumia umeme kinyume. Paneli ya 550W ina kama ampea 14, zidisha 1.56 ya usalama, kwa hivyo fyuzi ni 25A mradi kibandiko nyuma ya paneli kinaruhusu, si zile za 15A zinazokuja na boksi.

Sasa glendi, zile shingo zenye raba zinazobana waya unapoingia boksini, ambazo hakuna anayeziangalia! Boksi limeandikwa IP65, yaani haliingizi vumbi wala maji ya kurushiwa, sawa, lakini fundi wako anatoboa juu ati waya zinatoka darini, au anashindilia waya mbili kwenye glendi ya waya mmoja, raba haibani, kusi ikivuma chumvi yote ndani na mjusi nyuma yake. Skrubu zinaota ukijani, zinashika joto, plastiki inayeyuka, na cheche ya DC, umeme wa paneli, ikishawaka haikatiki kirahisi kama ya AC, umeme wa soketi za nyumbani. Matundu yawe chini, kila waya na glendi yake, waya upinde kwanza ndio uingie ili maji yadondokee nje, tundu lisilo na kazi litiwe kizibo.

Namba moja kwangu ni ABB na sifichi mapenzi, nunua boksi tupu, utie brika ya DC ya ABB, ile swichi inayojikata yenyewe, na saji ya kukinga radi, fundi apange mbele yako. Mbili, Suntree au Chint iliyopangwa tayari, ila glendi badilisha. Zile zisizo na jina glendi zinapasuka mkononi, pita.

Na wauzaji wetu jamani, anakupa brika ya AC akiapa ni ya DC na alama ya kiwimbi ~ unaiona hiyo hapo, mrudishie. Ukiuliza mbona bei ni mara mbili ya Mombasa anakwambia boti, yaani boksi unalolibeba kwapani limevuka kutoka Mokowe, gati ya bara, utadhani lilikatiwa kiti na jaketi la kuokolea, na risiti ukiomba ananuna.