Nyerere na Chiluba: imani moja, njia mbili

Wote wawili walikiri Ukristo wao bila haya. Tofauti ni mahali walipouweka.

Julius Nyerere, Mkatoliki aliyebatizwa 1943, alikuwa mtu wa misa hata alipokuwa rais. Lakini alishikilia kwamba serikali haina dini. Wenye dini ni wananchi. Na hakuishia kwenye maneno. Shule za misheni zilipotaifishwa, za Kanisa lake nazo hazikuachwa, ili mtoto wa Kiislamu naye apate dawati. Hilo ndilo linalonigusa zaidi, maana aliwagusa watu aliosali nao.

Frederick Chiluba wa Zambia alipita kwingine. Tarehe 29 Desemba 1991, akiwa Ikulu ya Lusaka, aliitangaza nchi kuwa taifa la Kikristo, na 1996 tamko likaingia katika utangulizi wa katiba. Walokole wengi walishangilia. Mzambia Mwislamu au Mhindu je, alijisikiaje siku ile? Tangu hapo jina la rais na jina la dini vilikwenda pamoja, hata kwenye aibu: mwaka 2007 mahakama ya London iliamua kwamba anawajibika kwa fedha za umma zilizoibwa, ingawa 2009 mahakama ya Lusaka ilimwachia huru katika kesi ya jinai.